Farasi Wengi, Mkokoteni Mbovu: Ushauri kwa Wenye Magari Madogo ya Kasi



Katika miezi ya karibuni vijana kadhaa wa jumuiya yetu wametuletea swali moja kwa sura mbalimbali: "Nimenunua MGF kwa bei nafuu, nifanye nini ili injini yake ipate nguvu zaidi?" Wazazi nao wametuletea swali lililo pacha wa hilo: je, twafanya vyema kuwaruhusu? Tumeona yafaa tuyajibu yote mawili kwa pamoja, kwani fedha zinazotumika hutoka nyumba moja, na ajali ikitokea msiba huwa wa nyumba hiyo hiyo.

Gari linalozungumzwa ni mzaliwa wa jiji hili. Kiwanda cha Longbridge, kusini-magharibi mwa Birmingham, kilianzishwa na Herbert Austin mwaka 1905, na hapo ndipo Mini ilipoundwa kuanzia mwaka 1959. Mwaka 1995 ikatoka MGF: gari la viti viwili, paa la kukunja, na injini ya lita 1.8 iliyowekwa nyuma ya viti. Mwaka 2002 nafasi yake ikachukuliwa na TF. Aprili 2005 kampuni ya MG Rover ilianguka na watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi. Na mwaka 2016 kazi ya kuunganisha magari Longbridge ikakoma kabisa. Magari yenyewe yangalipo, na kwa kuwa mengi huuzwa kwa bei ndogo, kijana mwenye mshahara wa kwanza huweza kulipata moja.

Kabla ya kutaja vipuri, hebu tutazame uzito. Injini hiyo hiyo ya Longbridge, yenye nguvu za farasi 120, ilitiwa pia katika Lotus Elise ya mwaka 1996. MGF huchukua takriban sekunde 8 na nusu kutoka kusimama hadi kufikia maili 60 kwa saa. Elise huchukua takriban sekunde 6. Farasi ni wale wale. Tofauti ni kwamba MGF ina kilo zipatazo 1,060 na Elise 725 hivi. Ili MGF ilingane na Elise kwa kipimo cha nguvu kwa kila kilo, ingehitaji farasi 175, nao hawapatikani kwa fedha kidogo. Wazee wetu watakumbuka Mashindano ya Safari ya mwaka 1974, ambapo Joginder Singh wa Kenya, akiwa na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6, alimtangulia Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911 yenye injini kubwa zaidi. Nguvu peke yake haifikishi mtu safari.

Kwa hiyo twashauri fedha zitumike kwa utaratibu, na jambo la kwanza ni afya ya injini. Aina hii ya injini inajulikana kwa kuunguza gasketi ya silinda hedi. Rejeta iko mbele na injini iko nyuma, na maji husafiri katika mabomba marefu chini ya sakafu. Mabomba ya chuma ya asili hushikwa na kutu; maji yakivuja kidogo kidogo, hewa huingia, joto hupanda, na gasketi huungua. Tazama kiasi cha maji kila wiki, injini ikiwa baridi. Ukiona maji yanapungua bila sababu, au chini ya kifuniko cha oili kuna utando mzito wa rangi ya maziwa, usiendelee kuendesha, mwite fundi. Gasketi ikibadilishwa, omba ile ya chuma ya tabaka kadhaa, silinda hedi ipimwe kama imepinda, na hewa yote itolewe katika mabomba baada ya kujaza maji. Uliza pia umri wa mkanda wa taimingi, maana ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini huharibika. Kumwongezea farasi mgonjwa mzigo ni kumuua.

Jambo la pili ni kusimama na kushika barabara. Tairi nzuri za aina moja, pedi na diski mpya za breki, na mafuta mapya ya breki vitakupa faida katika kila kona na kila siku ya mvua, nayo mvua hapa hatuipungukiwi. MGF haikutumia springi za kawaida bali mfumo wa Hydragas, wenye majimaji na gesi. Ikiwa gari limeinama karibu na ardhi, usidhani ni urembo wa kimichezo. Huenda mfumo umeishiwa na unahitaji kujazwa upya.

Ndipo tufike kwenye nguvu. Vijana wengi huanza na kichujio cha hewa cha wazi na ekzosi yenye mlio mkubwa. Kichujio cha namna hiyo huweza kuvuta hewa ya moto iliyofungika karibu na injini, na hewa ya moto hupunguza nguvu. Ekzosi nayo, ikibadilishwa peke yake, huongeza kelele kuliko kasi. Faida ya maana hupatikana sehemu zinapobadilishwa kwa pamoja: mlango wa hewa ulio mpana zaidi, kamshafti nyingine, na kompyuta ya injini iliyopangwa upya kulingana nazo. Supachaja na turbo zipo pia, lakini huongeza joto na shinikizo katika injini ambayo udhaifu wake tumekwisha kuueleza.

Kuna njia nyingine ambayo wengi huisahau. Kiwanda chenyewe kilikwisha kuifanya kazi hiyo. MGF ya aina ya VVC ilitoka na farasi 145. TF zilitoka na farasi 135, na nyingine 160. Mara nyingi ni nafuu kuuza gari la farasi 120 na kununua mojawapo ya hizo, iliyotunzwa vizuri, kuliko kuwafukuzia farasi hao mmoja mmoja gereji. Nguvu iliyotoka kiwandani haihesabiwi na kampuni ya bima kuwa mabadiliko, nayo ilipimwa kwa breki na mfumo wa kupoza wa gari lenyewe.

Sasa twawageukia wazazi. Badiliko lolote lazima liarifiwe kampuni ya bima. Asiyearifu aweza kunyimwa malipo au kufutiwa bima yake. Kuandikisha gari kwa jina la baba kama dereva mkuu, ilhali mwendeshaji wa kila siku ni mtoto, ni udanganyifu mbele ya sheria. Anayekutwa barabarani bila bima aweza kutozwa pauni 300 na kupewa alama 6 katika leseni. Na kijana aliyefaulu mtihani chini ya miaka miwili iliyopita, akifikisha alama 6, hupokonywa leseni na kuanza upya. Gari lililoondolewa katalisti katika ekzosi, ilhali lilitoka nayo kiwandani, halipiti ukaguzi wa MOT. Aidha, tangu Juni 2021 kuna Eneo la Hewa Safi ndani ya barabara ya A4540, lililoanza na ada ya pauni 8 kwa siku kwa magari ya petroli yasiyofikia kiwango cha Euro 4. MGF zimo, na TF nyingi pia.

Mashindano ya barabarani tusiyataje kama burudani. Mwaka 2016 Halmashauri ya Jiji ilipata amri ya Mahakama Kuu kuyazuia, na amri nyingine zikafuata. Anayeivunja aweza kufungwa. Mwenye hamu ya kujipima aende mahali palipotengwa, kama vile Curborough karibu na Lichfield, ambako magari hushindana na saa. Aulize kwanza habari ya bima, kwa kuwa bima ya kawaida mara nyingi haimfuati huko.

Basi, kijana akija nyumbani na orodha ya vipuri, wazazi msimkemee. Mwombeni aipange upya: maji na gasketi, mkanda, tairi na breki, bima, kisha farasi. Akifika mwisho wa orodha na fedha zingalipo, na awaongeze. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na sisi twapenda kuwaona vijana wetu wakifika.

Twawatakia mwendo mwema.