Deni na Afya ya Mkulima: Tuliyoyaona Zuzu

Wanachama wetu wamezoea kusoma katika kurasa hizi habari za miche, palizi, uanikaji na bei ya karafuu. Leo twaandika juu ya jambo ambalo halioti shambani, lakini humdhoofisha mkulima kuliko kazi ya jembe. Jambo lenyewe ni wasiwasi wa deni, na madhara yake katika mwili wa mtu.

Jambo hili lilitukuta mbali na visiwa vyetu, mahali pasipo bahari wala mkarafuu. Tulikwenda Dodoma kwa shughuli za wakulima, na siku moja tukapelekwa Zuzu, kata iliyo magharibi ya mji, njia ya Reli ya Kati. Nchi ile ni ya Wagogo. Mvua zake huanza Desemba na kwisha Aprili, na kwa mwaka mzima hazifiki nusu ya zile tuzipatazo Pemba. Watu hulima uwele, mtama, alizeti na karanga, na wengine hulima zabibu. Tuliamkiwa "Mbukwenyi," tukapewa viti chini ya mti, na mazungumzo yakaanza kwa habari za mazao. Haukupita muda yakaingia katika madeni.

HABARI YA MAMA WA ZABIBU

Mwenyeji wetu alikuwa mama wa makamo mwenye shamba dogo la zabibu. Ametupa ruhusa tuisimulie habari yake bila ya kumtaja jina. Zabibu ni zao lenye gharama kubwa kabla halijaleta senti moja. Ukungu uitwao ubwiri ukiingia shambani, mwenye shamba hana hiari ila kupuliza dawa, tena mara kwa mara. Mwaka huo mama huyu hakuwa na fedha ya dawa. Akamwendea mkopeshaji mmoja wa mjini, akapewa shilingi 300,000 kwa sharti la kurudisha 390,000 baada ya mwezi mmoja. Vyombo vyake vya nyumbani vikaandikwa kuwa rehani.

Zabibu zilichelewa kununuliwa. Mwezi ulipotimia hakuwa na kitu. Akakopa kwa mtu wa pili ili amlipe wa kwanza, kisha akakopa kwa simu ili ampoze wa pili. Mumewe hakujua lolote.

"Kaka zangu," alituambia, "nikisikia pikipiki inapita njiani, moyo unaruka. Nasema, ndio hao wamekuja kuchukua vitu."

Usingizi ukamtoka. Akilala huamka saa nane za usiku, akahesabu fedha asizokuwa nazo mpaka jogoo awike. Kichwa kikamuuma, chakula kikamshinda, akawa mkali kwa watoto kwa makosa madogo. Yeye alidhani ni malaria, akameza dawa za malaria mara mbili bila ya kupimwa. Mwishowe akaenda zahanati. Damu ikapimwa, malaria haikuonekana. Mganga akampima presha, akaikuta 180 kwa 110. Kabla ya kuandika dawa aliweka kalamu chini, akamwuliza, "Mama, nyumbani kuna nini?"

Hapo ndipo alipolia, na kwa maneno yake mwenyewe, hapo ndipo alipoanza kupona.

KWA NINI DENI HUUMIZA MWILI

Bara, mikopo ya namna hii imepewa jina na wakopaji wenyewe. Huitwa "kausha damu." Jina hilo halikutungwa na madaktari, lakini aliyelitunga alijua asemalo.

Mtu akikutana na chui njiani, mwili wake hujiandaa papo hapo. Moyo hupiga mbio, mishipa hubana, na sukari huongezeka katika damu ili apate nguvu za kukimbia. Chui akienda zake, mwili hutulia. Deni haliendi zake. Humfuata mtu mezani, kitandani na msikitini. Mwili ukikaa katika hali ya hofu kwa majuma na miezi, usingizi hupotea, presha hupanda, na mwenye kisukari huona sukari yake haishikiki. Shingo na mgongo hukaza. Tumbo nalo hukorofika. Vidonda vya tumbo aghalabu huletwa na vijidudu au na dawa za maumivu, lakini wasiwasi huyazidisha maumivu yake. Wengine hupatwa na sonona: mtu hujitenga na wenzake, hapendi tena alichokipenda, na kazi yake humwelemea. Wako wanaofikia kuona kwamba afadhali wafe.

Wataalamu wameyachunguza haya. Mwaka 1913 yangaliitwa mambo ya moyo tu, lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, wakakuta kwamba maradhi ya akili huonekana kwa wenye madeni yasiyo na rehani zaidi ya mara tatu kuliko kwa wasio na madeni hayo. Mwaka huo huo ulitangazwa uchunguzi mwingine uliofanywa Tamil Nadu, India, kwa wakulima wa miwa zaidi ya 400. Kila mkulima alipewa mafumbo ya kupima akili kabla ya mavuno, wakati wa dhiki na kuweka vitu rehani, kisha akapewa tena baada ya mavuno, alipokwisha kulipwa. Mtu alikuwa yule yule, na akili yake ilifanya kazi vizuri zaidi baada ya mavuno. Kwa hiyo mkulima aliyebanwa na deni, akikosea hesabu au akatia sahihi karatasi mbaya, asiitwe mjinga. Fikira zake zimeshughulishwa na jambo jingine.

DENI SI GENI KWETU

Msomaji atauliza, haya ya zabibu na Ugogo yanatuhusu nini sisi wa karafuu? Yatuhusu sana. Mkarafuu hubeba sana mwaka mmoja, kisha ukapumzika. Lakini ada za skuli, maradhi na arusi hazipumziki. Mwaka mdogo ndio mwaka wa kukopa, na wako wanaouza karafuu zingali mtini kwa bei ya kutupa. Wakulima wa kahawa wa Kagera wana jambo kama hilo, nao huliita butura.

Babu zetu waliyajua haya. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930, mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalikuwa yamewekwa rehani kwa wakopeshaji. Mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ilitunga sheria ya kuzuia ardhi ya wakulima isichukuliwe kwa deni. Mwaka 1937 Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa 1927, kikapewa mamlaka juu ya biashara ya karafuu, na mgomo mkubwa wa wafanyabiashara ukafuata mpaka 1938. Katika habari zote hizo ilihesabiwa mikarafuu, shamba na rupia. Waliokesha usiku kwa deni hawakuhesabiwa.

YAFAAYO KUFANYWA

Tulimwuliza mama yule alifanya nini. Tumeyachanganya majibu yake na ushauri wa waganga, na twayaweka hapa kwa utaratibu.

Kwanza, sema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na deni ni hivyo hivyo. Mama wa Zuzu alimwambia mumewe usiku ule ule aliotoka zahanati. Alitarajia ugomvi, na ugomvi ulikuwapo, lakini kabla ya alfajiri walikuwa wakihesabu pamoja. Asiyeweza kumwambia mwenzake nyumbani amwambie ndugu, imamu, padri au katibu wa chama.

Pili, andika. Chukua daftari, andika kila deni: nani anadai, kiasi gani, riba gani, siku gani. Deni lililo kichwani huonekana kubwa kuliko lilivyo. Sisi Waislamu tumeamrishwa kuyaandika madeni, na faida yake si kwa mkopeshaji tu.

Tatu, punguza idadi ya wanaokudai. Mwaka 2019 ulitangazwa uchunguzi wa Singapore juu ya maskini waliolipiwa madeni yao. Ilionekana kwamba kila deni moja lililofutwa kabisa lilipunguza wasiwasi na kuipa akili nafasi. Basi, ikiwa huwezi kulipa yote, maliza moja dogo upate pumzi, ila tazama lile lenye riba kali lisiachwe likazaa. Mama yule aliuza mbuzi wawili, akamaliza deni la simu kwanza.

Nne, mwendee anayekudai kabla hajakujia. Aliyesema mapema "siwezi yote, naweza hiki kila mwezi" husikilizwa kuliko aliyezima simu. Nenda na shahidi, na mapatano yaandikwe.

Tano, ijue haki yako. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu iliweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Kwa shilingi 300,000 riba hiyo ni 10,500 kwa mwezi. Mama wa Zuzu alitozwa 90,000. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa simu bila ya leseni. Wakopeshaji wa namna hiyo wamejulikana kwa kuwapelekea jamaa na marafiki wa mdaiwa ujumbe wa kumwaibisha. Kabla ya kutia sahihi au kubonyeza simu, uliza leseni.

Sita, usikope ili kulipa mkopo wenye riba kali kwa mwingine ulio kama huo. Hapo ndipo mama yetu alipozama.

Saba, tazama mwili. Mwenye deni apime presha hata kama haumwi, kwa kuwa presha aghalabu haina dalili. Akipewa dawa asiiache kwa kuwa ameona nafuu. Pombe na vidonge vya usingizi vya dukani havilipi deni, na kesho yake huongeza jingine. Kazi ya mikono, kutembea, kula kwa wakati na kukaa na watu husaidia usingizi urudi.

Nane, na hili twalisema kwa mkazo: mtu akisema amechoka kuishi, asichekwe wala asiachwe peke yake. Akae na mtu, sumu za shambani na kamba viondolewe karibu naye, apelekwe hospitali siku ile ile.

MIREMBE NA KIDONGO CHEKUNDU

Dodoma ndiko iliko Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927 kwa wagonjwa wa akili. Watu wa Bara hulitaja jina hilo kwa mzaha, kama sisi tunavyokitaja Kidongo Chekundu. Mtu akishauriwa kwenda huko hudhani ametukanwa. Mzaha huu umewachelewesha wengi. Ugonjwa wa huzuni na wasiwasi unatibika, na wengi wautibiwao hurudi makwao siku ile ile wakiwa na miadi ya kurudi tena. Aliyevunjika mguu hatumcheki kwa kwenda kufungwa bandeji.

MWISHO

Tulipoagana, mama yule alikuwa bado anamlipa mkopeshaji wa kwanza, kidogo kidogo, kwa mapatano yaliyoandikwa mbele ya mashahidi. Presha yake imeshuka, na dawa anameza. Amejiunga na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopeshana, nako huanza kwa kuweka. Deni halijakwisha, lakini usiku analala.

Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga, na wakasema tena dawa ya deni ni kulipa. Maneno hayo ni kweli, nasi twaongeza kwamba kabla hajaweza kulipa, mtu hana budi awe mzima. Basi mwanachama mwenye mzigo huu asiubebe peke yake usiku. Kila tawi lina katibu wake. Amwendee, mlango ufungwe, na daftari lifunguliwe. Na sisi tulio makatibu na wazee wa matawi, akija mwenzetu hivyo, tusianze kumlaumu. Tuanze kama alivyoanza yule mganga wa Zuzu: tuweke kalamu chini, tumwulize nyumbani kuna nini.