Nani Haigizwi? Miongo ya Vichekesho vya Siasa Ikitazamwa Kutoka Kisumu Ndogo

KATIKA kijiji cha Kisumu Ndogo, mtaani Kibera, mzaha kuhusu kiongozi hauhitaji stima ili usambae. Huanzia kwa kinyozi asubuhi, ukamfikia mama anayekaanga omena, ukafuatana na wapita njia kandokando ya reli, na kufikia magharibi umeshapata sauti, mwendo na ishara za mikono za mwanasiasa mwenyewe. Kawangware nako hali ni hiyo hiyo. Kote kuwili wanaishi watu wengi wenye asili ya Nyanza waliokuja Nairobi kutafuta riziki, na kote kuwili siasa huliwa pamoja na chakula cha jioni.

Ninaamini historia ya siasa za Kenya inaweza kusomwa kwa kufuata kile ambacho watu wa mitaa kama hii wamekuwa wakikicheka. Kipimo changu ni swali moja: katika kila muongo, ni nani ambaye hakuna aliyethubutu kumwigiza? Jibu lake hueleza hofu ya wakati huo vizuri kuliko hotuba yoyote ya sikukuu ya taifa.

Katika miaka ya 1980 jibu lilikuwa wazi: Rais Moi. Kituo cha runinga kilikuwa kimoja tu, cha serikali, Sauti ya Kenya, kilichobadilishwa jina na kuwa KBC mwaka wa 1989. Vichekesho vilikuwepo, tena vya kuvunja mbavu. Lakini katika kipindi cha Vioja Mahakamani, kizimbani alipanda mnyonge: mpika chang'aa, mchuuzi, mlevi aliyezua rabsha. Wakubwa wa nchi hawakuwa sehemu ya mzaha.

Katika kipindi cha Vitimbi alikuwepo Mzee Ojwang', yaani Benson Wanjau, Mkikuyu aliyepata umaarufu kwa kuzungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, akiwa na mkewe wa jukwaani, Mama Kayai, ambaye ni Mary Khavere. Kwa mkazi wa Kisumu Ndogo, lafudhi ile ilikuwa na pande mbili. Ojwang' alipendwa kama jamaa wa nyumbani, na alipofariki Julai 2015 nchi nzima ilimlilia. Hata hivyo, lafudhi hiyo hiyo ndiyo ambayo kijana wa mtaani hukejeliwa nayo anapokwenda kutafuta kazi. Utani wa kabila haukuisumbua serikali, kwa kuwa uliwaacha wanyonge wachekane wao kwa wao huku ikulu ikipumua.

Waliothubutu kuelekeza sanaa kwa wenye nguvu walilipa. Ngugi wa Thiong'o alizuiliwa bila kufunguliwa mashtaka kuanzia Desemba 31, 1977, baada ya tamthilia ya Kikuyu aliyoiandika pamoja na Ngugi wa Mirii kuchezwa na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru. Wahome Mutahi, mwandishi wa safu ya Whispers iliyowachekesha wasomaji wa gazeti kila Jumapili, alifungwa mwaka wa 1986 akihusishwa na vuguvugu la Mwakenya. Alipotoka aliendelea kuandika, na baadaye akapeleka tamthilia zake za kejeli katika baa, ambako mnywaji wa kawaida aliweza kumwona mtawala akigeuzwa kichekesho meza chache kutoka alipoketi. Mutahi alifariki mwaka wa 2003.

Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwishoni mwa 1991, woga haukutoweka siku moja. Ilibidi vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waunde kikundi cha Redykyulass ndipo Wakenya wamwone Moi wa kuigiza kwenye runinga. Mong'are, aliyejulikana zaidi kwa jina la Nyambane, alishika rungu, akaikwaruza sauti, akainyoosha shingo, akazivuta silabi za mwisho wa sentensi kama Mzee mwenyewe. Hakuhitaji kutaja jina. Hadhira ilikuwa imemsikiliza Moi kwa zaidi ya miaka ishirini katika kila taarifa ya habari, na ilitambua kila pumzi. Mtu aliyekuwa akiogopwa hadi katika minong'ono sasa alichekwa sebuleni, mbele ya watoto.

Kicheko hicho hakikuwa mchezo kwa Kibera. Mwishoni mwa 2001, baada ya Moi kutamka kuwa kodi za nyumba mtaani humo zilikuwa juu mno na Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata na waziri, kuunga mkono kauli hiyo, wapangaji na wenye nyumba walipigana hadi damu ikamwagika. Maneno machache ya wakubwa yaliwagharimu watu wa chini maisha na makazi. Anayejua uzito huo anaelewa kwa nini kuiga sauti ya Rais kulikuwa kitendo cha kisiasa. Sauti ikishaigizwa, huwa ya binadamu, na binadamu anaweza kukosolewa na hata kuondolewa. KANU, chama cha Moi, iliondolewa mamlakani Desemba 2002.

Enzi ya Rais Mwai Kibaki ilifungua milango. Mwaka wa 2009 mchora vibonzo Gado alileta XYZ Show, vikaragosi vya mpira vilivyochukua mfano kutoka kipindi maarufu cha Ufaransa. Kibaki, Raila na mawaziri wao walionekana wakigombania meza ya serikali ya muungano, iliyozaliwa baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007. Kibera ilikuwa bado na makovu. Reli inayopita humo iling'olewa na vijana waliojaa hasira, na majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walihamishana kwa makabila. Kuona viongozi wa pande zote wakichekwa kwa kipimo kimoja kulikuwa na manufaa: kulimkumbusha mwananchi kuwa waliomfanya achukie jirani yake walikuwa tayari wanakula pamoja.

Lakini wanasiasa nao walijifunza. Waligundua kuwa njia rahisi ya kuukata makali mzaha ni kuketi safu ya mbele na kuucheka. Walialikwa katika maonyesho ya vichekesho, wakapiga picha na wasanii, wakawakodi kwa mikutano ya kampeni. Raila mwenyewe alikuwa fundi jukwaani: alitega vitendawili, akatangaza siasa kama mechi ya kandanda, na uwanja wa Kamukunji pale Kibera ukamjibu kwa sauti moja.

Kisha wachekeshaji wenyewe wakaingia ulingoni, na hapa ndipo Kibera na Kawangware zinahusika moja kwa moja. Kiarie aliwania ubunge mwaka wa 2007 katika Dagoretti, eneo ambalo wakati huo lilijumuisha Kawangware, akashindwa, kisha akachaguliwa Dagoretti Kusini mwaka wa 2017. Phelix Odiwuor, yaani Jalang'o, alishinda Lang'ata mwaka wa 2022, eneobunge ambalo Kibera ilikuwa sehemu yake hadi 2013. Mong'are alijaribu kuwania urais mwaka huo huo wa 2022 lakini jina lake halikufika debeni. Sina kinyongo nao, kwa kuwa ubunge ni haki ya kila raia. Ila mchekeshaji akishakuwa mheshimiwa, kazi yake hubadilika, na mtaa hupoteza jicho moja lililokuwa likimtazama mheshimiwa.

Jicho hilo sasa limehamia kwenye simu. Rais William Ruto amebatizwa Zakayo kwa sababu ya kodi, halafu Kasongo, na majina hayo yametembea haraka kuliko taarifa yoyote ya ikulu. Leo karibu hakuna asiyeigizwa. Kilichobadilika ni wakati wa kulipa. Zamani woga ulikuja kabla ya mzaha. Sasa adhabu huja baada yake. Desemba 2024, vijana waliokuwa wakisambaza picha na vibonzo vya kumkejeli Rais walitekwa na watu wasiojulikana, akiwemo mchoraji Gideon Kibet, na baadhi yao wakaachiliwa Januari 2025. Aprili 2025, polisi walirusha vitoza machozi Nakuru katika tamasha la kitaifa la maigizo, wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere walipokuwa na mchezo unaowakosoa watawala. Majirani zetu wanaijua hali hii: Tanzania ilimkamata mchekeshaji Idris Sultan mwaka wa 2019 kwa picha iliyobadilishana sura yake na ya Rais Magufuli, na Uganda ikawakamata wachekeshaji wa kikundi cha Bizonto mwaka wa 2020.

Ni haki pia tujipime wenyewe. Katika Kisumu Ndogo kulikuwa na mtu ambaye serikali haikumlinda dhidi ya mzaha, tulimlinda sisi. Raila, tuliyemwita Baba, aliigizwa kwa upendo tu, sauti na kofia. Kuuliza kwa mzaha ni nini kimebadilika Kibera tangu alipochukua kiti cha Lang'ata mwaka wa 1992 kungemletea msanii maneno makali, pengine na mawe. Raila alifariki Oktoba 15, 2025, na huzuni ya mtaa huu ni ya kweli. Lakini kimya kinachotokana na mapenzi humnyima mwananchi jibu sawasawa na kimya kinachotokana na hofu.

Uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia, na bila shaka majukwaa yatajaa wachekeshaji wa kulipwa. Bunge liwahakikishie wasanii uhuru ambao Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 tayari kinawapa, na waliowateka vijana wafikishwe mahakamani. Nawe msomaji, mchekeshaji akipanda jukwaani mtaani kwako, mcheke kwa raha zako, kisha uangalie ni kiongozi gani amemruka. Huyo ndiye wa kuulizwa kuhusu maji, vyoo na ajira kabla hujampa kura.