Mshahara wa mkahawani London: mnono kwa hesabu, mwembamba kwa matumizi

Mhudumu wa mkahawa jijini London hulipwa kwa saa moja kiasi ambacho mwenzake wa Nairobi, anayelipwa kima cha chini, hukipata kwa karibu siku tatu za kazi.

Hesabu hiyo ndiyo inayowavutia vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaofika Uingereza kusoma au kutafuta maisha. Lakini je, mwisho wa mwezi nani hasa hubakiwa na kitu mfukoni?

Sheria inasemaje

Uingereza ilianza kutumia kima cha chini cha mshahara cha taifa tarehe 1 Aprili 1999, kikiwa pauni 3.60 kwa saa kwa watu wazima. Aprili 2025 kiwango hicho kilifikia pauni 12.21 kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi, na pauni 10 kwa aliye kati ya miaka 18 na 20.

Kiwango hicho ni kimoja nchi nzima. Mwosha vyombo wa London na wa Newcastle, kaskazini mwa England, wanalindwa na kima kilekile, ijapokuwa gharama zao za maisha zinatofautiana mno.

Tangu Oktoba 2009, mwajiri wa Uingereza haruhusiwi kutumia bahshishi za wateja kujazia kima cha chini. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024, sheria inamtaka awagawie wafanyakazi bahshishi zote kwa haki, bila ya yeye kujikatia chochote.

Hali ni tofauti Marekani, ambako sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepata bahshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991. Baadhi ya majimbo, hata hivyo, yameweka viwango vya juu zaidi.

Makato na pango

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa London aliyelipwa kima cha chini kwa saa 40 kila wiki, kwa viwango vya mwaka 2025. Kwa mwaka alipata takriban pauni 25,400. Baada ya kodi ya mapato na mchango wa bima ya taifa, alibakiwa na kama pauni 1,817 kwa mwezi, kabla ya mchango wa pensheni.

Kwa mujibu wa takwimu za serikali, wastani wa kodi ya nyumba ya kupanga jijini London mwaka huo ulizidi pauni 2,200 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, mshahara wote wa mhudumu huyo haukutosha kulipia nyumba ya wastani. Katika eneo la Kaskazini Mashariki mwa England, wastani ulikuwa pauni 700 na kidogo.

Ndiyo maana wengi hupanga chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana, ambacho kwa wastani kilitangazwa kwa karibu pauni 1,000. Hapo zaidi ya nusu ya saa za kazi za mwezi huishia kwa mwenye nyumba. Usafiri wa basi pekee ulimgharimu anayesafiri kila siku hadi pauni 107 kwa mwezi. Zilizobaki, kama pauni 710, ndizo za chakula, simu, mavazi, na fedha za kutuma nyumbani.

Kwa mwanafunzi mambo ni magumu zaidi. Viza ya masomo ya chuo kikuu humruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula. Kwa kima cha chini, saa hizo zilimpa kama pauni 1,055 kwa mwezi, yaani chumba na nauli ya wiki mbili.

Ni pengo hili lililozaa kampeni iliyoanzishwa mwaka 2001 na jumuiya za wakazi wa London Mashariki, kudai mshahara unaolingana na gharama halisi za maisha. Oktoba 2024 kiwango walichokipigania kilitangazwa kuwa pauni 13.85 kwa saa kwa London. Hata hivyo, waajiri hukilipa kwa hiari, si kwa lazima ya sheria.

Nairobi, Kampala na Doha

Nchini Kenya, agizo la mishahara la Novemba 2024 liliweka kima cha takriban shilingi 17,400 kwa mwezi kwa wahudumu na wapishi wa miji mikubwa. Ukiongeza marupurupu ya nyumba ya asilimia 15, inakuwa kama shilingi 20,000, sawa na pauni 118 hivi kwa thamani ya mwaka 2025. Humo hukatwa michango ya hifadhi ya jamii, bima ya afya na ushuru wa nyumba.

Uganda, kima cha chini rasmi ni shilingi 6,000 za Uganda kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Leo fedha hizo haziwezi kumtunza mtu hata kwa siku chache, hivyo mshahara hutegemea maelewano ya mfanyakazi na tajiri wake.

Qatar, ambako Wakenya na Waganda wengi wanafanya kazi hotelini, ina utaratibu mwingine. Tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyali 1,000 kwa mwezi, takriban pauni 200. Mwajiri asiyetoa malazi na chakula hulazimika kuongeza riyali 500 za malazi na 300 za chakula. Kiasi hicho ni kidogo mno mbele ya cha London, lakini asiyelipa pango aweza kuweka akiba kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Kipimo gani kitumike

Mchumi wa Marekani Orley Ashenfelter aligawa mshahara wa saa moja wa wafanyakazi wa McDonald's kwa bei ya mkate wa nyama unaouzwa na mikahawa hiyo hiyo. Aligundua kwamba mwaka 2007 saa moja ilimnunulia Mmarekani mikate 2.4, na Mhindi kama theluthi moja ya mkate. Kazi ni ileile, chakula ni kilekile. Kilichotofautiana ni nguvu ya mshahara.

Kipimo hicho kinaonyesha kwamba mfanyakazi wa nchi tajiri bado hula vizuri zaidi kwa saa yake. Lakini hakihesabu pango, na London pango ndilo linalomeza mshahara.

Kwa hiyo anayepima kazi ya mkahawani ng'ambo hana budi kuuliza mambo manne: saa ngapi amehakikishiwa kwa wiki, makato ni kiasi gani, nani analipia malazi, na chakula cha kazini ni cha bure au la. Kubadili pauni kuwa shilingi huja baada ya majibu hayo, wala si kabla.