Mchezo wa bure si kinga mbele ya hakimiliki

TUSEME kijana wa Liwatoni, Mombasa, ndio kwanza anajifunza kuunda michezo ya kompyuta. Anamchukua Mario, mhusika maarufu wa kampuni ya Nintendo, na kumvusha mbio kwenye daraja la kuelea lililojengwa hapo mwaka wa 2020. Kisha anautoa mchezo huo bure kwenye intaneti, akiamini kuwa asiyeuza hana kosa.

Anajidanganya. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 humpa mwenye kazi haki ya kuinakili, kuibadilisha na kuisambaza. Wengine sharti waombe idhini, wauze wasiuze.

Agosti 2016, mashabiki walitoa bila malipo Pokémon Uranium, mchezo waliouhangaikia kwa takriban miaka tisa. Ulipakuliwa zaidi ya mara milioni 1.5 katika siku chache. Mawakili wa Nintendo wakatuma ilani, nao waundaji wakalazimika kuuondoa. Umaarufu, ajabu, ndio uliowaponza.

Hata hivyo, sheria hailindi wazo tupu. Kukimbia, kuruka mashimo na kuokota sarafu ni ruhusa kwa yeyote. Sura ya Mario na muziki wake, la. Kijana wetu akimchora mwenyewe mvuvi wa Liwatoni akamweka mahali pa Mario, na muziki akautunga yeye, mchezo huwa wake, na anaweza kuusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Ule wa Mario na aufanyie mazoezi nyumbani, kwani sheria hiyo huvumilia matumizi ya haki ya kibinafsi.