Kinachomfanya ngege awe dume

Mfugaji wa Midia, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huchimba bwawa kando ya kijito, akatia vifaranga vya ngege, akavilisha pumba na mchwa kwa miezi sita. Siku ya kuvuna anakuta samaki wengi kuliko aliotia, na karibu wote hawazidi kiganja cha mkono. Hapo hulaumiwa chakula, na kisipolaumiwa chakula hulaumiwa maji. Mara nyingi tatizo ni kwamba bwawa lina majike na madume pamoja, na ngege wa bwawani huanza kuzaa mapema mno. Jike mwenye gramu 30 hadi 50 tu anaweza kutaga. Akishataga, huyabeba mayai kinywani, kisha na vitoto vyake, kwa muda wa wiki mbili hivi, na muda huo halishi tumbo lake. Nguvu ambazo zingekuwa nyama zinaishia kwenye uzazi, na vitoto navyo vinagombania pumba zile zile. Dume hana mzigo huo, na hukua haraka zaidi. Ndiyo maana wafugaji kuanzia Misri hadi Uchina hutafuta bwawa la madume watupu.

Ukitaka madume watupu, lazima ujue nini kinachoamua samaki azaliwe dume. Tulifundishwa shuleni kwamba mwenye kromosomu mbili za X ni jike na mwenye X na Y ni dume, na wengi wetu tukaondoka tukiamini kwamba kanuni hiyo inatawala viumbe vyote. Ngege wa Nile, Oreochromis niloticus, ambaye kwao asili ni Ziwa Albert na Mto Nile unaopita Rhino Camp huko huko Uganda, anaifuata kwa namna yake. Jike ana XX na dume ana XY. Lakini zitazame kromosomu hizo kwa hadubini na hutaweza kusema ipi X na ipi Y, kwa sababu zinafanana. Tofauti imejificha katika kipande kidogo sana. Mwaka 2015 watafiti wa Uchina walichapisha ushahidi kwamba katika Y ya ngege kuna jeni iitwayo amhy, nakala ya ziada ya jeni ambayo samaki wote wanayo. Nakala hiyo hukizuia kimeng'enya kinachogeuza homoni za kiume kuwa za kike. Kimeng'enya kikizimwa katika siku za mwanzo, kiungo cha uzazi ambacho bado hakijachagua njia huwa korodani; kikiachwa kifanye kazi, huwa ovari.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote katika elimu hii kinaanzia Zanzibar. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa samaki Mwingereza C. F. Hickling alikuwa akifanya kazi Malacca, katika Malaysia ya leo. Aliletewa perege, ndugu wa ngege, kutoka Zanzibar, akachukua madume yao na kuyapandisha kwa majike ya Oreochromis mossambicus, perege wa mito ya kusini-mashariki mwa Afrika. Watoto wote walitoka madume. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1960. Alipobadilisha, dume akawa mossambicus na jike akawa wa Zanzibar, majike yalijitokeza, lakini kwa uwiano wa madume matatu kwa jike mmoja.

Jibu lilipatikana baadaye. Perege yule wa Zanzibar, ambaye asili yake ni Mto Wami huko Tanzania bara na ambaye Ethelwynn Trewavas alimpa jina la hornorum mwaka 1966, hatumii mfumo wa X na Y. Kwake mambo yamepinduka, kama ilivyo kwa kuku: dume ana kromosomu mbili zinazofanana, ZZ, na jike ndiye mwenye mbili tofauti, ZW. Dume wa ZZ akimpanda jike wa XX, kila mtoto hupata X na Z, na mwenye XZ ni dume. Katika mpandisho wa kinyume, mama wa ZW na baba wa XY hutoa XZ, XW, YZ na YW, na kati ya hao ni XW peke yake anayekuwa jike. Samaki wawili wa ukoo mmoja, wanaofanana kiasi cha kuzaana, kila mmoja ana njia yake ya kumpata dume.

Ukitoka kwa samaki ukaingia baharini, mambo yanazidi kupanuka. Matumbawe ya matawi ya Acropora, yanayoonekana katika miamba ya Mombasa, hayana dume wala jike: polipu moja hubeba mayai na mbegu za kiume pamoja. Jirani zake wa Porites, yale makubwa ya mviringo, kwa kawaida huwa na koloni ya kike na koloni ya kiume mbalimbali. Mwaka 2017 watafiti wa Ufaransa walionyesha dalili za mfumo wa XY katika matumbawe mekundu ya bahari ya Mediterania. Na huko Okinawa, Japani, matumbawe ya umbo la uyoga yalithibitishwa mwaka 2008 kuwa yanaweza kubadili jinsia na kuirudia ile ya awali. Viumbe hawa hawana ubongo wala damu, na bado swali la dume na jike wamelijibu kwa njia zaidi ya moja.

Kwa ngege pia, kromosomu haisemi neno la mwisho. Vitoto vikikaa katika maji ya nyuzi joto 36 hivi katika siku zao za mwanzo, wenye XX wengine hugeuka madume. Homoni hufanya hivyo kwa uhakika zaidi. Vituo vingi vya kuzalisha vifaranga huchanganya homoni ya kiume, methiltestosteroni, na chakula cha kwanza kwa wiki tatu au nne. Mwenye XX hupata korodani na kuzalisha mbegu, ingawa kromosomu zake zimebaki XX. Wanunuzi huogopa kula samaki huyo. Lakini dawa hupewa akiwa hajafikisha hata gramu moja, na anapofika sahanini miezi mingi baadaye imekwisha kutoka mwilini. Hofu yangu iko kwa kijana anayechanganya chakula hicho kwa mikono mitupu, na kwa maji ya kituo yanayomwagwa mtoni.

Watafiti wa Swansea, Wales, walipata njia isiyompa dawa samaki wa kuliwa. Waliwageuza wenye XY kuwa majike, wakawapandisha na madume ya kawaida, wakapata robo ya watoto wenye YY. Dume wa YY hana X ya kumpa mtoto, kwa hiyo akipanda jike wa XX watoto wanakuwa XY karibu wote. Nasema karibu, kwa sababu jamii mbalimbali za ngege zimeweka mahali pa kuamulia jinsia katika kromosomu tofauti, na kuchanganya damu zao huvuruga hesabu. Katika Ziwa Albert yupo pia Oreochromis leucostictus, mdogo, anayefanana na ngege wa Nile na anayeweza kuzaana naye. Kituo kinachookota wazazi ziwani bila kuwatambua hakiwezi kumwahidi mtu madume watupu.

Mfugaji asiye na maabara anaweza kupima mwenyewe. Samaki wakifika gramu 30, chota kama 30 kwa wavu na uwageuze mmoja mmoja tumbo juu. Nyuma ya mkundu kuna kinundu kidogo. Cha dume kimechongoka na kina tundu moja nchani, la mkojo na mbegu. Cha jike kina tundu dogo la mkojo na mpasuko wa kukingama wa kupitishia mayai. Paka tone la wino, na mpasuko huo utaonekana mara moja. Ukikuta jike mmoja tu, uliuziwa mali nzuri. Ukikuta kumi, ulichouziwa hakikuwa madume watupu: watenge majike katika bwawa lingine kabla hawajaanza kutaga, na kwa wale watakaokuponyoka, tia kambare wachache wawale vitoto.