Anayesoma Kiingereza Asikifungie Kiswahili Mlango

Katika vyuo vikuu vyetu, mwanafunzi wa Kiingereza hafiki mbali kabla ya kukutana na somo liitwalo fasihi ya baada ya ukoloni. Humo husoma riwaya na kutazama filamu za watu ambao nchi zao zilitawaliwa na wageni, na huulizwa maswali mazito. Nani anasema? Anamwambia nani? Anasema kwa lugha ya nani? Nililisoma somo hilo nikiwa mwanafunzi wa Kiingereza, na leo nalifundisha. Nalipenda kwa dhati. Hata hivyo, kuna jambo moja linalonikera: maswali hayo yote huulizwa kwa Kiingereza, na majibu yake hutafutwa katika vitabu vya Kiingereza pekee.

Sisi wa Kenya hatuna udhuru wa kulifumbia macho jambo hili. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, wahadhiri wa chuo cha Nairobi kilichokuwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hawakusema Shakespeare atupwe jaani. Walichohoji ni kwa nini Afrika isomwe kama mkia wa Uingereza hapa hapa Afrika. Walitaka bara hili liwe kitovu cha masomo, fasihi simulizi ipewe heshima yake, na Kiswahili kipate nafasi pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Idara ya Kiingereza ikaondoka, ikazaliwa Idara ya Fasihi. Waraka huo sasa husomwa hata Ulaya na Marekani kama nguzo mojawapo ya somo hili.

Ajabu ni kwamba ukuta uliobomolewa kwa waraka tumeujenga upya kwa ratiba. Katika shule zetu za sekondari, mwalimu wa Kiingereza ana vitabu vyake na mwalimu wa Kiswahili ana vyake, na kila mmoja huutayarishia mtihani wake. Chuoni hali ni ile ile. Mwanafunzi aweza kuhitimu akieleza kwa ufasaha jinsi Chinua Achebe alivyokilazimisha Kiingereza kibebe methali za Waigbo, wala asiwe amefunua ukurasa mmoja wa Euphrase Kezilahabi. Je, Kezilahabi hakuandika baada ya ukoloni? Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, miaka kumi baada ya uhuru wa Tanganyika. Na Shafi Adam Shafi, aliyeandika Kasri ya Mwinyi Fuad juu ya makabaila na watwana wa Unguja hadi Mapinduzi ya 1964, yeye tumweke katika fungu gani?

Aliyenifunza zaidi katika jambo hili ni mtu wa filamu, Ousmane Sembène wa Senegal. Bwana huyu, aliyepata kuwa mchukuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille, alianza kwa kuandika riwaya kwa Kifaransa. Baadaye akatambua kwamba wengi wa wale aliowaandika, makuli, wanawake wa sokoni na wakulima, hawangeweza kumsoma. Alikuwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 35 alipokwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu. Mwaka 1968, mwaka ule ule wa waraka wa Nairobi, akatoa Mandabi, filamu iliyozungumzwa kwa Kiwolofu. Kwa Sembène, swali la nani anaambiwa halikuwa la mtihani. Lilimfanya abadilishe kazi.

Mwaka 1975 alitoa filamu ya Xala, iliyotokana na riwaya yake mwenyewe. Ni kisa cha El Hadji, mfanyabiashara tajiri anayeoa mke wa tatu, kisha akapatwa na laana ya kukosa nguvu za kiume. El Hadji husema Kifaransa kwa maringo, na hukasirika binti yake Rama anapomjibu kwa Kiwolofu. Lakini matajiri wenzake wanapoamua kumfukuza, ni yeye anayetaka kujitetea kwa Kiwolofu, nao wanamkatalia.

Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu filamu hiyo. Kama ilivyo ada, walifuata maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Maandishi hayo huandika Kifaransa kwa Kiingereza, na Kiwolofu kwa Kiingereza kile kile. Katikati ya ugomvi wa baba na binti, msichana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, hawa wanasema lugha moja au mbili?" Darasa likanyamaza. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya lugha, na Kiingereza kilikuwa kimeufunika wote. Tangu siku hiyo sijapata namna bora ya kueleza hasara ninayoizungumzia.

Nawasikia wanaopinga. Watasema kwamba aliyejiandikisha kusoma Kiingereza amechagua Kiingereza, na kwamba Kiswahili kina idara yake. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama somo lenyewe lingekuwa sarufi. Lakini somo linalodai kueleza yaliyowasibu watu baada ya kutawaliwa haliwezi kuwasikiliza tu wale walioamua kusema kwa lugha ya mtawala. Wengine watasema, na kwa haki, kwamba Kiswahili si lugha ya mama ya Wakenya walio wengi, na kwamba Kikikuyu na Kijaluo navyo vina fasihi. Naam, milango hiyo nayo ifunguliwe. Tuanze tu na ule ambao kila mwanafunzi wetu, aliyefanya mtihani wa Kiswahili hadi kidato cha nne, ana ufunguo wake mfukoni.

Basi lifanyike nini? Chukua Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 1994. Mwandishi huyu, mzaliwa wa Unguja, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya hiyo ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kama rehani ya deni la babake, naye amezoea kumwita kwa neno la Kiingereza ambalo halibagui ndugu wa baba na ndugu wa mama. Waulize wanafunzi: kwa Kiswahili angemwita nani? Ami? Mjomba? Au bwana? Katika kubishana juu ya neno hilo moja watagundua jinsi udugu unavyoweza kutumiwa kuficha utumwa.

Kisha waonyeshe Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999. Humo Yasmin anamkimbia mume aliyeozwa, na Denge anapambana na utawala wa Waingereza huko Zanzibar. Nchi nyingine watazamaji huifuata kwa maandishi ya chini. Wanafunzi wetu watainua macho na kusikiliza, kwa kuwa hapa wao ndio wanaoambiwa.

Haya hayangoji silabasi mpya. Yanangoja mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili, ambao mara nyingi meza zao hupakana katika chumba kimoja cha walimu, wakubaliane kuingia darasani pamoja japo mara moja kwa muhula. Mkono mmoja haulei mwana. Nawe mwanafunzi, usimngoje mwalimu. Riwaya za Kezilahabi na Shafi zimo katika maktaba, na lugha yake unayo.