Anayekohoa Ana Bahati

Kikohozi tumezoea kukihesabu ugonjwa. Kikianza tu, tunakitafutia dawa. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, hasa shingoni, mambo hugeuka: hatari ni kukosa kukohoa. Hili husahaulika kwa sababu picha iliyotukaa akilini ni ya mashine. Mei 1995 mwigizaji Christopher Reeve, aliyevuma kwa filamu za Superman, alianguka kutoka juu ya farasi huko Virginia, Marekani, akaumia kwenye pingili mbili za juu kabisa za shingo. Alihitaji mashine ya kupumulia hadi alipofariki mwaka 2004, na dunia ikamzoea akiwa kwenye kiti cha magurudumu, bomba la hewa likiingia shingoni. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Mashine huingiza hewa. Haikohoi kwa niaba ya mgonjwa. Na nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoongoza kwa kuwaua watu walioumia uti wa mgongo, wakiwemo wengi wanaopumua wenyewe.

Sababu imo katika mpangilio wa mishipa ya fahamu. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hupata amri kutoka sehemu ya 3 hadi ya 5 ya uti wa mgongo wa shingo, ukihesabu kutoka juu. Misuli ya mbavu na ya tumbo hupata amri kutoka chini zaidi, usawa wa kifua. Kwa hiyo aliyeumia sehemu ya 6 ya shingo anaweza kuvuta pumzi kwa kiwambo chake, lakini tumbo limelegea na haliwezi kuisukuma nje kwa nguvu. Jaribu kukohoa huku mkono ukiwa tumboni: ule ugumu unaousikia ndio aliopoteza. Wakati huohuo, mshipa mwingine wa fahamu unaoteremka kutoka kwenye ubongo bila kupitia uti wa mgongo huendelea kuziamuru njia za hewa zitoe ute, na ule wa kuupinga umekatiwa mawasiliano. Makohozi yanaongezeka, wa kuyatoa hayupo. Yakiziba njia, sehemu ya pafu hunywea, na vijidudu hupata makao.

Dawa ya kwanza, basi, ni mikono. Mgonjwa huvuta pumzi nzito; msaidizi huweka viganja chini ya mbavu, juu ya kitovu, na mara mgonjwa anapojaribu kukohoa, husukuma kuelekea ndani na juu. Tumbo lililokosa nguvu limeazimwa nguvu. Huongezwa kumgeuza mgonjwa mara kwa mara na kumfunga mkanda wa tumbo anapoketishwa. Mkanda una maana yake: mgonjwa wa namna hii mara nyingi hupumua vizuri zaidi akilala chali, kwa kuwa anapoketi tumbo humwagika mbele na kiwambo hushuka, kikakosa nafasi ya kuvuta.

Atatokea wa kusema kwamba haya ni kuwafariji maskini wasio na mashine. Hoja hiyo ina uzito: aliyeumia juu ya sehemu ya 3 hatapumua kwa viganja vya mtu. Hata aliyeumia chini ya hapo anaweza kuzidiwa siku za mwanzo, uvimbe ukipanda au kiwambo kikichoka, hivyo pumzi zake zipimwe na mashine iwe karibu. Lakini mashine yenyewe huzidisha haja ya kusafisha kifua. Bomba lililopita kooni humzuia mgonjwa kufunga koo ili abane hewa kabla ya kukohoa, na mpira wa kunyonyea makohozi huelekea zaidi pafu la kulia, kwa kuwa njia ya kushoto imepinda. La kushoto hubaki na uchafu wake. Wengine watahofia mikono isiyojua kazi. Ni kweli, inaweza kuvunja ubavu, kumtapisha aliyetoka kula, au kutikisa shingo ambayo haijaimarika. Hofu hiyo inadai mafunzo, haiamuru kuacha. Katika nchi zetu, ambako wengi huumia kwa ajali za barabarani au kuanguka kutoka juu, mgonjwa hurudi nyumbani mikononi mwa ndugu. Kabla ya kuruhusiwa, pamoja na kuuliza kama anapumua, iulizwe pia: makohozi yakimkaba usiku wa manane, nani pale nyumbani ameshafundishwa kumkohoza?